Neno Lililongoja Jibu

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na miaka 74 siku ambayo mhubiri mgeni alimnyoshea kidole katikati ya ibada na kutangaza kwamba ameonyeshwa jeneza katika nyumba yetu kabla ya mwaka kwisha. Bibi alikuwa anaugua shinikizo la damu na miguu yake ilikuwa imevimba, jambo ambalo mtu yeyote aliyeketi mabenchi ya mbele angeweza kuliona. Baadhi ya akina mama walilia, wengine wakasema amina kwa sauti, nasi tukarudi nyumbani kimya kama watu wanaotoka mazikoni. Jioni ile mjomba alianza kuzungumza chinichini habari za mahali pa kaburi. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka jikoni na ungo mapajani, akichambua mchele, akatupa chuya mbili tatu upande, akasema bila kuinua macho: “Hezekia naye aliambiwa.”

Nilikuwa kidato cha pili na sikuielewa kauli ile, nilidhani anajifariji. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kuzisoma habari za manabii wa Kiebrania kwa utaratibu, nikiwa na Biblia ya Union ya mwaka 1952 upande mmoja na maandishi ya Kiebrania upande mwingine, nikijikokota herufi kwa herufi, ndipo nilipotambua kwamba bibi alikuwa ameshika jambo ambalo mhubiri yule hakuwa amelishika. Katika habari hizo, neno la nabii si taarifa ya kitakachotokea. Ni usemi anaoelekezewa mtu, na mtu akisemeshwa hungojwa ajibu.

Habari aliyoikumbuka bibi imo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20, na inasimuliwa tena katika Isaya 38. Hezekia mfalme wa Yuda, ndiye yule ambaye mwaka 701 KK nchi yake ilivamiwa na majeshi ya Senakeribu wa Ashuru, anaugua jipu na yu karibu kufa. Isaya anaingia na kumwambia atengeneze mambo ya nyumba yake, kwa maana atakufa wala hatapona. Sentensi hiyo haina “ikiwa” wala “isipokuwa”, haina hata mlango wa paka. Hezekia anaugeuza uso wake ukutani, anaomba, analia sana. Na hapo msimulizi anaweka kitu kidogo ambacho nimekirudia mara nyingi kuliko aya yoyote ya kitabu hicho: anasema Isaya alikuwa hajatoka hata katika ua wa kati neno jingine lilipomjia. Herufi za Kiebrania zimeandikwa “mji wa kati”, na wasomaji wa kale wakaagiza pasomwe “ua wa kati”. Kwa vyovyote vile nabii hakuwa amefika mbali. Amekwisha kusema “Bwana asema hivi”, kauli ambayo juu yake hakuna nyingine, na sasa anaambiwa arudi chumbani akaseme kinyume chake: mfalme ataongezewa miaka 15, na mkate wa tini ubandikwe juu ya jipu. Anarudi. Katika simulizi nzima hakuna mtu anayemwita Isaya mwongo, wala Isaya mwenyewe haoni haya.

Ili kuona jinsi jambo hilo linavyowezekana, inafaa kuanza na neno lenyewe. Waebrania walisema *davar*, na kwao *davar* ni neno litokalo kinywani, na pia ni jambo, shauri, tukio. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuvutwa mbali ili alielewe hilo, kwa sababu sisi nasi tunauliza “kuna neno gani?” tukiwa na maana ya jambo, tunasema “si neno” tukiwa na maana kwamba halina uzito, na mtu mwenye kinyongo tunasema ana neno moyoni. Neno kwetu ni kitu kilichopo baina ya watu, kinachoweza kuzidi, kupoa, au kwisha kabisa wakikaa na kuzungumza. Hata nabii tunamwita kwa jina ambalo kwa Kiarabu ni *nabii* na kwa Kiebrania ni *navi*, mtu na ndugu yake. Tukilisikia neno la nabii kwa sikio hilo, kama jambo ambalo Mungu analo na mtu fulani au mji fulani, basi haishangazi kwamba mwenye neno anaweza kulighairi aliyeambiwa anapogeuka.

Lakini tunalo pia sikio jingine, na naliheshimu, kwa sababu nimelelewa nalo. Liandikwalo ndilo liwalo, wanasema wazee, na methali hiyo imewasitiri watu wengi siku ya msiba. Wagiriki wa kale waliipeleka fikra ya namna hiyo mbali sana katika hadithi ya Oedipus, ambaye wazazi wake walionywa na wakajaribu kuzuia, naye akaonywa na akakimbia, na kila hatua ya kukimbia ikamsogeza pale pale alipotabiriwa. Mtu akizisoma habari za manabii wa Israeli akiwa na Oedipus kichwani, atazisoma vibaya, ingawa nakiri kwamba ipo moja ambayo kwa mtazamo wa kwanza inafanana nayo kabisa.

Ni habari ya Ahabu mfalme wa Israeli na vita vya Ramoth-Gileadi, katika 1 Wafalme 22. (Ahabu si mtu wa hadithi tu, jiwe la Shalmaneseri wa Tatu wa Ashuru lililopatikana Kurkh, katika Uturuki ya leo, linamtaja kuwa alileta magari 2,000 na askari 10,000 katika vita vya Karkari mwaka 853 KK.) Manabii wapatao 400 wanamwambia aende vitani, atashinda. Mmoja, Mikaya mwana wa Imla, anasema amewaona Israeli wametawanyika milimani kama kondoo wasio na mchungaji. Ahabu anaamuru Mikaya atiwe gerezani, alishwe chakula cha shida, kisha anakwenda vitani akiwa amejibadilisha mavazi ili asitambulike. Askari mmoja wa Shamu anavuta upinde kwa kubahatisha, mshale unapenya kwenye maungio ya deraya, na mfalme anakufa jioni, damu yake ikiwa imejaa sakafuni mwa gari. Mtu anaweza kusema: tazama, alikimbia, na neno likamfuata.

Hata hivyo sura moja tu kabla ya hiyo, mfalme huyo huyo anasimama mbele ya nabii mwingine. Ametwaa shamba la mizabibu la Nabothi wa Yezreeli baada ya mkewe Yezebeli kuwapanga mashahidi wa uongo na Nabothi kupigwa mawe, na Eliya anamkuta ndani ya shamba lenyewe, mahali pa wizi, akamwambia kwamba nyumba yake itafagiliwa mbali. Ahabu anayararua mavazi yake, anavaa gunia mwilini, anafunga, anakwenda polepole. Na Mungu, kana kwamba hawezi kujizuia kumwonyesha mtu, anamwambia Eliya: umemwona Ahabu jinsi alivyojinyenyekeza? Kisha anauahirisha ule ubaya usije siku zake. Na huyu ni Ahabu, ambaye kitabu kinasema hapakuwa na mtu kama yeye aliyejiuza kutenda maovu.

Kwa miaka mingi nilizisoma sura hizi mbili kama habari zisizo na uhusiano, mpaka siku moja zikajipanga zenyewe. Ahabu aliambiwa mara mbili, na mara mbili alivaa vazi lisilo la kifalme. Mara ya kwanza alivaa gunia ili Mungu amwone; mara ya pili alivaa nguo za askari ili asionekane. Gunia lilikuwa jibu. Zile nguo za askari zilikuwa hila ya kulikwepa neno bila kulijibu, na mtu aliyesemeshwa akikaa kimya na kujificha, neno hubaki kama lilivyosemwa. Mikaya hakumzuia Ahabu asirudi nyumbani siku ile. Njia ya Samaria ilikuwa wazi, na angeweza kuishika. Kilichomuua, kwa fikra za msimulizi, hakikuwa maandiko yaliyofungwa tangu asili. Alisikia akaamua kutojibu.

Hapo ndipo kitabu cha Yona kinapoingia, nacho kinalichukua wazo hili na kulivuta mpaka linaanza kuuma. Yona anatajwa katika 2 Wafalme 14:25 kuwa nabii kutoka Gath-heferi, siku za Yeroboamu wa Pili. Kitabu chenye jina lake kinamtuma Ninawi, mji wa Ashuru, na watu wengi wakiombwa kukisimulia husimama kwenye samaki. Samaki ana aya tatu. Mahubiri yenyewe ni maneno matano tu ya Kiebrania, kwamba bado siku 40 na Ninawi *nehpakhet*. Tafsiri zetu husema utaangamizwa, na ndivyo Yona alivyokusudia, kwa kuwa kitenzi hicho ndicho kilichotumika kwa Sodoma. Lakini kitenzi hicho maana yake ya shina ni kupinduka, kugeuka, na Kiebrania hukitumia pia kwa moyo unaogeuka. Kwa hiyo sentensi aliyopewa nabii iliweza kutimia kwa njia mbili, na yeye alikuwa anaitaka moja tu. Mji ukageuka. Mfalme akashuka kitini, akaketi katika majivu, na hata ng'ombe wakavikwa magunia. Mungu akalighairi lile neno baya. Majirani zetu Waislamu wanaijua habari hii kwa jina la Nabii Yunus, na Kurani, katika sura ya 10 inayoitwa kwa jina lake, inawataja watu wake katika aya ya 98 kuwa waliamini na imani yao ikawafaa, wakaondolewa adhabu.

Na Yona akakasirika hata kutaka kufa. Wahubiri wengi humsema kwa hilo kana kwamba alikuwa na roho mbaya tu, lakini mimi naona malalamiko yake ni mazito na yanastahili kusikilizwa. Kumbukumbu la Torati 18:22 linatoa kipimo: nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lile lisitokee, hilo si neno alilolinena Bwana. Siku ya 41 ilipopambazuka Ninawi ungali umesimama, na kwa kipimo hicho Yona alikuwa nabii wa uongo. Jina lake kamili ni Yona mwana wa Amitai, na Amitai linatokana na *emet*, yaani ukweli, uaminifu. Mwana wa ukweli amesema kitu ambacho hakikutokea. Anapolalamika katika sura ya 4 anayarudia maneno ambayo kila Mwisraeli aliyajua kutoka Kutoka 34:6, kwamba Mungu ni mwenye huruma, mwenye neema, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema. Lakini pale ambapo Kutoka inamalizia kwa *emet*, Yona anaiacha *emet* na kuweka mahali pake “nawe waghairi mabaya”. Kwa badiliko la neno moja anamshtaki Mungu kwamba ameuza ukweli ili anunue huruma. Sijui kama ipo aya nyingine katika Maandiko ya Kiebrania ambamo mtu anamnukuu Mungu kwa Mungu mwenyewe kwa uchungu wa namna hiyo.

Jibu la shtaka hilo silioni katika kitabu cha Yona. Naliona katika kitabu cha Yeremia, na halitolewi na malaika wala na nabii. Linatolewa na wazee wa nchi, mahakamani. Ni mwanzo wa kumiliki kwake Yehoyakimu, aliyeingia madarakani mwaka 609 KK. Yeremia amesimama uani mwa hekalu na kusema kwamba nyumba hii itakuwa kama Shilo, mahali patakatifu pa zamani palipobaki ukiwa, na makuhani wanataka auawe. Wakuu wanakuja kutoka nyumba ya mfalme, wanaketi katika maingilio ya lango jipya, na kesi inaanza. Ndipo wazee wanasimama na kumkumbuka Mika Mmorashti, ambaye zaidi ya miaka 70 kabla yao, siku za Hezekia, alisema Sayuni utalimwa kama shamba. Wanamnukuu kwa jina na kwa maneno yake, jambo ambalo ni nadra mno katika vitabu hivyo. Kisha wanauliza: je, Hezekia alimwua? Hakumwua; alimcha Bwana, akamsihi, naye Bwana akaghairi.

Nilipoielewa hoja hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Wazee wale wanasimama mahali ambapo neno la Mika halijatimia bado, ukuta wa hekalu ungali nyuma yao, hakuna aliyelima hapo hata tuta moja, na badala ya kusema Mika alikosea wanamtoa kuwa shahidi. Kwao nabii aliyesikilizwa ni nabii ambaye onyo lake halitimii, na hilo ndilo lililokusudiwa tangu mwanzo. Yeremia aliokoka siku ile, kwa kuwa Ahikamu mwana wa Shafani alikuwa pamoja naye. Uria mwana wa Shemaya, aliyesema maneno yale yale, hakuokoka. Alifuatwa mpaka Misri, akaletwa, akauawa kwa upanga, na mwili wake ukatupwa penye makaburi ya watu wasio na cheo. Msimulizi anaiweka habari ya Uria hapo hapo, bila kuipaka sukari.

Yeremia mwenyewe anaikamilisha hoja miaka kadhaa baadaye, anapokutana na nabii mwingine, Hanania. Yeremia amevaa nira ya mti shingoni kuwa ishara ya utumwa wa Babeli. Hanania anasema ndani ya miaka miwili nira hiyo itavunjwa, anaitwaa shingoni mwa mwenzake na kuivunja mbele ya watu. Yeremia anasema amina, Bwana na afanye hivyo. Sisikii kejeli hapo. Nasikia mtu ambaye kwa kweli angependa awe amekosea. Kisha anaongeza kwamba manabii wa zamani walitabiri vita na mabaya na tauni, lakini nabii atabiriye amani atajulikana neno lake litakapotokea. Kwa hiyo kipimo cha Kumbukumbu la Torati hakilali sawa kwa pande zote. Anayewatabiria watu heri bila kuwadai chochote, huyo ndiye wa kungojwa na kuhakikiwa, kwa sababu neno lake linawalaza. Anayeonya anaweza kupitwa na onyo lake mwenyewe na bado akawa mkweli. Yeremia alikuwa amekwisha kuyaona haya katika nyumba ya mfinyanzi, udongo ulipoharibika mkononi na mfinyanzi akaufanya chombo kingine. Watu huupenda mfano huo kuthibitisha kwamba Mungu hufanya apendavyo na udongo hauna la kusema, na hali aya zinazofuata katika sura ya 18 zinasema jambo jingine kabisa: taifa likighairi uovu wake, nami nitaghairi, likitenda maovu, nitayaghairi yale mema niliyosema nitalitendea. Udongo huo unajibu.

Msomaji mwangalifu atauliza basi Mungu wa namna hiyo anaaminika vipi. Waandishi wa Kiebrania waliliona swali hilo na hawakulificha: katika 1 Samweli 15 Mungu anasema anajuta kumfanya Sauli mfalme, kisha Samweli anasema kwamba Mungu si mwanadamu hata ajute, kisha sura inafungwa kwa kusema Bwana alijuta. Wanafalsafa walipokuja kuisoma sura hiyo, wengi wao walishika ile kauli ya katikati, Mungu asiyebadilika, na kuzieleza zile mbili kuwa ni lugha ya picha. Mimi nadhani sura imeziacha zote tatu kwa makusudi. Kisichobadilika ni jinsi alivyo, yale maneno ya Kutoka 34 ambayo hata Yona katika hasira yake hakuweza kuyasahau. Kinachobadilika ni kile anachotenda na mtu ambaye naye anabadilika. Mama ambaye hubadili sauti mtoto anapoanza kulia hajabadilika kuwa mama mwingine.

Ila haifuati kwamba jibu la mwanadamu linamfunga Mungu, na hapa ndipo habari hizi zinapokataa kuwa dawa ya kununuliwa. Kuna maneno mawili ya Kiebrania, *mi yodea*, “nani ajuaye”, yanayorudi mahali patatu ambapo mtu anageuka baada ya kuonywa. Mfalme wa Ninawi anayasema, na mji unaokoka. Yoeli anayasema anapowaita watu wafunge. Na Daudi anayasema katika 2 Samweli 12, baada ya nabii Nathani kumwambia “wewe ndiwe mtu huyo” na kumtangazia kifo cha mtoto: alilala chini siku saba, akafunga, akisema nani ajuaye, labda Bwana atanihurumia mtoto apate kuishi. Mtoto akafa. Daudi akainuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu, kisha akaomba chakula. Anayesoma Ninawi bila kusoma chumba kile cha Daudi atakwenda kuwauzia watu uhakika usiokuwepo.

Bibi aliyajua yote mawili, nadhani, kwa sababu hakuwahi kutuambia kwamba atapona. Aliendelea kumeza vidonge vyake kwa saa, akapunguza chumvi, na kila alfajiri nilimsikia akiomba akiwa ameelekea ukuta wa chumba chake, ambao ulikuwa wa udongo na wenye ufa karibu na dirisha. Mwaka ule ulikwisha akiwa hai, na minne mingine baada yake. Mhubiri hakurudi kutueleza chochote, wala bibi hakumsema vibaya, ila mara moja tu aliniambia kwamba yule baba aliondoka mapema mno.

Sasa nikisoma 2 Wafalme 20 namwona Isaya uani, mtu mzima mwenye jina kubwa, akigeuka mbele ya walinzi ili arudi kusema kwamba lile alilolisema dakika chache zilizopita halipo tena. Nikisoma Yona 4 namwona mwenzake ameketi mashariki ya mji chini ya kibanda, mmea uliokuwa unamtilia kivuli umeliwa na buu na kunyauka, jua linampiga kichwani, na Mungu anamwuliza kama haimpasi kuuhurumia mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kupambanua mkono wao wa kuume na wa kushoto, na wanyama wa kufugwa wengi. Kitabu kinaishia kwenye swali hilo. Yona hajajibu bado.